Aliyekuja na Sura ya Mume Wangu

Sikuwa nimelewa, wala sikuota. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, shambani kwangu Lusewa. Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, halafu unisikilize.

Nakaa Mfaranyaki, hapa Songea mjini, nauza mitumba. Mume wangu alifariki watoto wakiwa bado wadogo, akaniacha na shamba la mahindi na mbaazi kijijini kwao. Lilikuwa pori, tukalifyeka wawili. Ndugu zake walisema mjane arudi kwa wazazi wake. Nikawajibu nitarudi, ila nitarudi shambani. Na kila msimu nakwenda.

Siku hiyo nilikuwa napalilia peke yangu. Nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kile nakijua, nimelala nacho miaka. Kuinua kichwa, mume wangu huyo, amesimama mwisho wa tuta, amevaa shati la bluu tulilomzika nalo. Huniamini? Hata mimi sikuamini. Nilifumba macho, nikafumbua. Bado yupo.

Nikajikuta nimepiga magoti, sijui kwa heshima au kwa woga.

"Mwanamke," akasema, "ondoka kwenye shamba hili. Usirudi tena."

Sauti ilikuwa yake kabisa. Nikalia. Nikawaza, kama mwenye shamba ndiye amekataa, mimi nitasema nini? Nisikufiche, nilishaokota jembe na kidumu changu cha maji niondoke.

Ndipo nikashtuka. Mume wangu hakuwahi kuniita mwanamke, hata tukigombana. Aliniita Sista, kwa sababu siku aliponiona mara ya kwanza nilikuwa nimefunga kitambaa cheupe kichwani, akadhani mimi mtawa. Akanisalimia kwa adabu, Tumsifu Yesu Kristo, mpaka nikacheka. Jina likaganda.

"Niite unavyoniitaga," nikamwambia.

Akakohoa tena.

"Kama wewe ni mume wangu, niite!"

"Mwanamke, ondoka."

Hasira niliyopata, sijaipata tena. Nikasimama. "Siondoki! Visiki vya hapa vimenitoa damu. Kama ni wewe, shika jembe tulime. Kama si wewe, toka shambani kwangu!"

Watu huniuliza mbona sikukimbia. Nikimbilie wapi, na watoto wale nini? Nilimfuata, nikamkamata mkono. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamtazama usoni, na ule uso ukaanza kufutika, macho kwanza, kisha pua na mdomo, ikabaki ngozi tupu. Sikumwachia. Yeye ndiye aliyepotea, nikabaki nimeshika hewa.

Bibi Akulina, jirani wa shamba la pili, alikuja mbio kwa zile kelele zangu.

"Mwanangu, ulikuwa unagombana na nani?"

"Na mtu asiyejua jina langu, bibi."

Alinitazama, akachukua jembe lake, akapalilia pembeni yangu mpaka jua likazama.

Kijijini wakanishauri niende kwa mganga anitajie mchawi aliyemtuma yule. Nikakataa. Nikitaja jina leo, kesho kuna kikongwe asiye na kosa atachomewa nyumba. Sitaki. Mimi nataka kulima tu.

Mkono wangu wa kulia, ule niliomshika nao, haujapona. Hausikii moto. Naipua sufuria jikoni bila kitambaa, watoto wanapiga kelele. Mteja nikimpa nguo akanigusa, anaruka: "Mama, mbona mkono wa baridi hivyo?" Nacheka tu.

Nawe unayenisikiliza, sikiliza vizuri. Ikija sura unayoipenda ikakuambia uache kilicho chako, usilainike kwa sababu ya sura. Iulize maswali. Ishike mkono, hata kama mkono wako hautarudi kuwa ule wa zamani.

Wiki ijayo nakwenda Lusewa, mahindi yanataka mbolea. Anayetaka kunizuia aje, ila aje na sura yake mwenyewe.