Jangwa Lililolowa

Wanafunzi walimwita Mama Mvua, kwa sababu ya ile chupa ya plastiki aliyoikata shingo na kuichimbia nyuma ya darasa ili kupima mvua. Yeye alicheka nao. Mwalimu wa jiografia asipotaniwa kwa mawingu, atataniwa kwa nini tena?

Nyumbani hakukuwa na utani. Mumewe, fundi saa, alinyamaza tangu simu za mkononi zilipomfungisha kibanda. Hakupiga, hakutukana. Alikaa tu sebuleni akiutazama ukuta wenye saa zake, kila moja ikisema lake, yeye hasemi. Ukimsalimu, "mh." Ukimwandalia chakula, "mh." Hata mama mzazi wa mkewe alipofariki, "mh."

Dada mkubwa wa Mama Mvua alikuwa na chumba cha uani. "Mdogo wangu, njoo ukae kwangu upumue," alimwambia kwa simu asubuhi ile, na haikuwa mara ya kwanza. "Kuna mpangaji anakitaka, leo jioni nampa jibu. Nikishampa, nimempa."

"Ni wingu tu, dada, litapita. Jana kaniuliza kama nimekula."

"Makubwa! Tupige vigelegele?"

Mzaha huo alikwenda nao kazini kama kijiwe ndani ya kiatu. Darasani aliandika ubaoni: hali ya hewa, tabianchi.

"Hali ya hewa ni ya leo, au ya wiki hii. Mvua, jua, upepo. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa miaka mingi. Neno lenyewe linasema: tabia ya nchi."

Mtundu wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu jirani yangu anachafua hali ya hewa tangu mwaka jana. Hiyo si tabianchi?"

Darasa likaangua kicheko, madirisha yakafunguliwa kwa mbwembwe. Naye akacheka, mpaka msichana wa mbele, ambaye hakucheka, alipouliza: "Na jangwani mvua ikinyesha siku moja?"

"Linabaki jangwa," alijibu, chaki mkononi. "Jangwa lililolowa."

Akajisikia akiyasema maneno hayo. Kumbe miaka yote alikuwa akihesabu matone: siku ile aliposhikwa mkono hospitalini, siku ile alipofunguliwa mlango, jana alipoulizwa kama amekula. Kati ya tone na tone, mtoto wao wa mwisho alikuwa amemaliza shule na kuondoka.

"Mwalimu, tuandike hivyo hivyo?"

"Andikeni."

Jioni alikuta mumewe amemwekea chai mezani, imefunikwa kwa kisahani. Akakaa, akainywa yote, ingawa ilikuwa imepoa.

"Ahsante, baba watoto."

"Mh."

Akasubiri. Saa za ukutani zikagonga, moja baada ya nyingine, wala hazikukubaliana hata mbili. Kisha akaosha kikombe, akakipangusa, akatoka uani na simu.

"Huyo mpangaji umeshamjibu?"

"Bado," dada yake akasema. "Kwani wingu vipi, limepita?"

"Hakuna wingu, dada." Alisema taratibu, asisikike ndani. "Halijawahi kuwapo. Nifagilie chumba."