Kinu Kimoja, Michi Miwili

Sisi tuliokulia Isevya wakati wa Mwingereza hatukubembelezwa. Mtoto akinuna aliachwa anune mpaka achoke mwenyewe. Mimi nilinuna miezi, na sijivunii.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Baadaye baba, aliyekuwa seremala, akamuoa mjane wa Goweko, nikaambiwa nimwite mama mdogo. Alishuka kwenye gari la moshi na kibuyu cha asali na binti yake Zuhura, wa rika langu. Asali niliipokea. Zuhura nilimkataa. Nilihamisha mkeka wangu, nikavuta sahani pembeni, akinisemesha, kimya. Jamani, nilikuwa na roho mbaya!

Mtoto wa watu akaanza kukonda. Siku moja nikamsikia mama mdogo akimwambia baba, "Mjomba wake akija baada ya mavuno, amrudishe kwa bibi yake. Siwezi kuona mwanangu akiwa mgeni humu ndani."

"Mavuno bado," baba akasema. "Tuwape kinu kwanza."

Kesho yake tukaanza kutwanga mtama, kinu kimoja, michi miwili. Waliotwanga hivyo wanajua: wako ukipanda, wa mwenzio unashuka. Mkinuniana michi inagongana, mtama unamwagika, kuku wanashiba. Siku tatu tulilisha kuku. Mama mdogo hakugomba, aliokota punje zilizobaki na kusema, "Leo tutakula kidogo, wanangu." Na kweli tulikula kidogo.

Siku ya nne njaa ikanitia adabu. Nikafungua kinywa: "Haya, wewe! Mimi! Wewe! Mimi!" Zuhura akacheka, nami nikacheka, pumba zikatuingia puani tukapiga chafya. Mchana ule tulikula ugali kwa mlenda wa karanga, sinia moja. Lo, utamu ule!

Tukazoeana, tukagombana, tukapatana. Ila hakuna aliyekumbuka kumpelekea mjomba habari. Mavuno yalipokwisha akatokea mlangoni: "Zuhura, funga mzigo." Mama mdogo alinitazama mimi. Nikamshika Zuhura gauni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mjomba. Lakini huyu haendi."

"Marahaba," mjomba akasema, akakaa kitako, akaomba maji. Baba aligeukia ukutani na mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Siku hizi unga unatoka mashineni, na watoto wakikutanishwa nyumba moja kila mmoja hupewa chumba chake na simu yake. Wakikosana wanatumiana ujumbe, ukuta kwa ukuta! Mikono yao laini, masikini, na nyumba zao kimya.

Wajukuu huniuliza kama Zuhura ni ndugu yangu kwa baba au kwa mama. Mimi niliolewa Usoke, siku hizi miguu hainifikishi mjini kwetu Isevya. Kila Ramadhani ikikaribia, Zuhura hubeba jembe akaenda kulipalilia kaburi la mama yangu, mama ambaye yeye hakuwahi kumuona.