Nakala Tatu za Sauti ya Mama

Nina duka la kuchapa karibu na stendi mjini Nyeri, na kwa miaka mingi nilijivunia kompyuta moja kuukuu niliyoinunua kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikifunga duka lao la vitambaa. Ilivuma kama posho mill ya kusagia mahindi ikianza asubuhi, na watu walinicheka. Mimi nilisema haijawahi kuniangusha. Nimechapa humo programu za mazishi za nusu ya tarafa yetu, picha ya marehemu juu, nyimbo chini, na hakuna aliyelalamika. Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana mtu wa kuonewa. Kiburi kilikuwa changu, nilikilea mwenyewe.

Watu wengi waliniletea flashi zilizojaa virusi, na nilikuwa na dawa moja tu: kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuipanga flashi upya. Baada ya hapo niliijaza video za kwaya mpaka pomoni, nione kama imepona kweli. Ikishika nyimbo zote bila kukwama, ni nzima. Sikuuliza maswali mengi. Mwanafunzi mmoja wa chuo alinililia kwa sababu ya insha zake, nikamwambia siku nyingine aweke nakala. Nilimwambia hivyo huku nikinywa chai.

Mama aliugua kwake Mukurweini kwa karibu mwaka mzima. Aliyemuuguza hakuwa mimi, binti yake wa pekee. Mimi nilifika kila Jumapili na mkate na majani ya chai, nikakaa mpaka saa kumi, nikarudi mjini. Aliyemgeuza kitandani, akamwosha na kumnywesha uji kwa kijiko alikuwa mjane wa mdogo wangu, mwanamke wa kutoka upande wa Kakamega ambaye nyumbani hatukuwahi kumkubali sawasawa. Tulimwita Mama Mapacha kwa ajili ya wasichana wake wawili. Mume wake alikufa kwa ajali ya pikipiki, na tangu siku hiyo kaka yetu mkubwa alimtazama kama mgeni aliyesahau kuaga.

Kwetu neno la mwisho la mzazi halichezewi. Mzazi akisema kabla ya kufa kwamba hiki ni cha fulani, atakayekigusa anajitafutia kirumi, laana ya mzazi, ambayo hata watu waliookoka huiogopa kimyakimya. Ndiyo maana kaka alikosa raha Mama Mapacha aliposema, siku chache baada ya mazishi, kwamba Mama alimwachia yeye na mapacha sehemu ya juu ya shamba, ile ya kahawa na migomba iliyo karibu na barabara. Alisema alimrekodi kwenye simu, jioni baada ya jioni, kwa sababu Mama mwenyewe alimwomba afanye hivyo. Kaka akanipigia simu siku hiyo hiyo. "Hizo ni hadithi za kutafuta shamba," akasema. Sikumbishia.

Wazee walipanga kukutana Jumamosi. Jumatano asubuhi Mama Mapacha akaja dukani, akafungua kitambaa cha mkononi na kutoa flashi ndogo nyekundu.

"Tata," akaniambia. Hivyo ndivyo wasichana wake wanavyoniita, mimi shangazi yao, naye akachukua kwao. "Mama ako ndani ya hii. Simu yangu ni mbaya, imejaa, inajizima tu. Mwalimu jirani ametoa sauti yote akaweka hapa, kwa simu nikafuta. Nataka unitolee tatu. Moja ya chifu, moja ya wazee Jumamosi, na moja yako."

"Yangu ya nini?"

"Si ni mama yako?"

Nikaichukua. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini usifungue saa hii. Wacha niende agrovet nichukue dawa ya ng'ombe, nikirudi tusikize pamoja. Kuna mahali anakutaja."

Laiti asingesema lile neno la mwisho. Mama hakuwa mtu wa kutaja watu. Jumapili zote zile za mkate na majani ya chai sikuwahi kujua aliniona vipi, kama aliniona hata kidogo. Mama Mapacha hajavuka barabara, mimi nimeshavaa visikizio na kuichomeka ile flashi. Nilitaka nisikie peke yangu, kwanza, kabla ya huyu mwanamke kukaa kando yangu akinitazama usoni.

Kompyuta ikavuma, ikafikiri, kisha ikaniambia kwa Kiingereza chake kwamba diski hii haijafomatiwa, je, ningependa kuifomati sasa? Nikaichomoa, nikaipuliza vumbi, nikairudisha. Jibu likawa lile lile. Nikakaa nikiutazama ule ujumbe, na nitasema kilichonipata moyoni ingawa kinaniaibisha: nilisikia nafuu. Basi hakuna kitu. Mwalimu hakuweka chochote, au hakukuwa na chochote cha kuweka, na kaka alikuwa na haki. Mama hakusema lolote juu ya shamba wala juu yangu. Nikaiamini mashine kuliko mtu aliyemwosha mama yangu mwaka mzima.

Nikabonyeza ndiyo.

Ilipomaliza nikaijaza kwaya kama kawaida yangu, mpaka ikakataa kupokea zaidi. Nilidhani ninamfanyia hisani. Nilijiambia kwamba angalau atarudi Mukurweini na nyimbo nzuri.

Akarudi na chupa ya dawa ya ng'ombe mkononi, akavuta kiti kando yangu, akakitengeneza tukae bega kwa bega. Nikamwambia kwa upole wa kujitia kwamba pole, flashi ilikuwa tupu.

"Tupu aje, Tata?" Alicheka kidogo, akidhani namtania. "Si jana tu nimeisikiza kwa laptop ya mwalimu? Nimesikiza yote, mpaka mahali anakohoa."

Nikamwambia nilichofanya. Hakupiga kelele. Aliiweka ile chupa mezani polepole, akaninyooshea mkono, nikampa flashi, akaigeuzageuza kana kwamba kuna mahali pengine pa kuifungulia. Tukampigia mwalimu. Laptop ilikuwa ya shule, akasema, hakubakisha chochote ndani.

Kuna fundi wa kompyuta ghorofa ya juu ya duka langu, tukampandia. Alijua kosa kabla sijamaliza kueleza. Laptop mpya ilikuwa imeipanga flashi kwa mtindo mpya, na kompyuta kama yangu haikufundishwa kusoma mtindo huo. Flashi ilikuwa nzima kabisa. Kompyuta yangu ilikuwa ikikiri ujinga wake, nami nikasikia kwamba flashi ndiyo tupu. Kompyuta yoyote mpya pale mtaani ingeifungua.

"Madam, ungefomati tu ukaniletea, singekosa kutoa kitu," akasema. "Lakini umeijaza. Hizi kwaya zimekalia kila mahali."

Tulishuka ngazi. Dukani, badala ya kumwangukia miguuni, nilifungua mdomo wangu huu nikamuuliza, "Alisema nini juu yangu?"

Alikuwa ameshaichukua chupa yake. "Nikikuambia, utaniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno halikutoka, kwa sababu sote wawili tulijua lilitakiwa kutoka saa moja kabla. Akaiacha flashi mezani, akaenda zake.

Jumamosi tulikaa uani kwa Mama, wazee kwenye viti vya plastiki, kaka akiwa amevaa koti. Mama Mapacha alisimama akayaeleza maneno ya Mama mwanzo mpaka mwisho, kwa Kikuyu alichojifunza akiwa jikoni kwetu, wala hakukwama popote. Kisha akasema kwamba mwalimu pia aliisikia ile sauti. Lakini mwalimu ni mtu wa Busia, hajui Kikuyu. Aliweza kusema tu kwamba alisikia mwanamke mzee akiongea.

"Ati sauti?" kaka akasema. "Si tusikize basi. Hiyo sauti iko wapi?"

Nikasimama. Nikasema ni mimi niliyeifuta, kwa mkono wangu, kwa kosa langu. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe uliisikia?"

"Sikuisikia."

"Basi huna la kutuambia, mwanangu. Kaa chini."

Nikakaa. Ningeweza kusema kwamba ninamwamini yeye. Ningeweza kusema kwamba huyu mwanamke hajawahi kutudanganya hata siku moja, na ilikuwa kweli. Macho ya kaka yalikuwa juu yangu, na nikanyamaza. Hakuna mtu anayeogopa kirumi cha maneno ambayo hakuyasikia. Kahawa na migomba vikaenda kwa kaka. Mama Mapacha akapewa kipande cha bondeni kinachotuama maji msimu wote wa mvua.

Mwezi uliofuata kaka alisimamisha pikapu mbele ya duka langu akashusha kompyuta mpya, ikiwa bado ndani ya boksi. "Dada, hiyo takataka yako imekutumikia vya kutosha," akasema, akanipiga bega. "Umetusaidia sana." Nilijua ananishukuru kwa nini, naye alijua kwamba najua. Nilimwita mnafiki moyoni. Kwa mdomo nilimwambia asante.

Mama Mapacha bado anakuja Nyeri kununua dawa ya ng'ombe. Agrovet iko ng'ambo ya barabara, namwona akiingia na kutoka. Haniangalii. Ile flashi nyekundu ninayo kwenye droo, na siku moja niliichomeka kwenye kompyuta mpya, ikafunguka mara moja bila swali lolote. Kwaya zote zilikuwemo, safi kabisa.

Nimewahi kufikiria kumrudishia kaka kompyuta yake. Sijamrudishia. Ndiyo hii ninayoandikia.