Udi kwenye Hijabu ya Skuli

Mama yangu alikuwa akipasua papa. Leo nalisema hilo bila kuinamisha kichwa, lakini nilipokuwa na miaka kumi na tatu ningetoa chochote ili awe mshonaji, au muuza sambusa, au asiwe na kazi kabisa. Papa walipofika kutoka bandari ndogo ya Burgao aliwapasua uani kwetu Kismayo, akawatia chumvi, akawaanika kwenye kamba ileile tuliyoanikia nguo. Uani palikuwa padogo, na kamba ilikuwa moja.

Darasani Mbajuni nilikuwa peke yangu. Kisomali nilikisema kama wenzangu, nguo zangu zilikuwa kama zao, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyenishughulikia. Kisha msichana wa dawati la mbele yangu akageuka siku moja, akavuta pumzi, akalisogeza dawati lake shubiri moja mbele. Kesho yake mstari mzima ulisogea, nikabaki mimi na ukuta.

Msichana huyo alikuwa mrefu, msafi, hodari wa hesabu, na mbele ya walimu alikuwa na adabu ya kutamanisha. Kwao ilikuwa nyumba ya kona, na njia ya kwenda kwetu ilipita mlangoni pao, nyingine haikuwepo. "Walaal," aliniambia, neno ambalo kwa Kisomali humwita mtu ndugu, "nyumbani kwenu mnalala na papa kitanda kimoja?" Sijapata kutukanwa na mtu kwa upole kama ule. Wenzake walicheka huku wameziba pua kwa ncha za hijabu zao.

Nilikuwa naoga mara mbili kabla ya skuli, kwa sabuni ya kufulia, nikajisugua makwapa kwa ndimu mpaka yakawaka moto. Niliacha kunyoosha mkono darasani hata nilipolijua jibu, kwa sababu kuinua mkono ni kufungua kwapa. Mwalimu akadhani nimekuwa mzito. Nilipomwambia wenzangu wananicheka alisema niwapuuze, akaendelea kusahihisha madaftari. Wiki ya skuli ilianza Jumamosi, na Ijumaa watu wakitoka msikitini nilikuwa nimeshaanza kukata ndimu.

Mama sikuweza kumwambia. Ningeanzaje? Papa wale ndio waliokuwa wakinisomesha. Kila asubuhi alikuwa akinifunga hijabu yeye mwenyewe, akaipapasa kichwani kwa viganja vyote viwili, akaniombea dua. Nami chini ya vile viganja nilikuwa nabana pumzi. Nilimpenda na nilitaka aniondolee mikono. Sijui kama kuna mtoto anayeweza kulieleza jambo hilo akaeleweka.

Ndipo nikaukumbuka udi. Mama alikuwa akiutengeneza mwenyewe kwa sukari na marashi na vifuniko vya kome vilivyotwangwa, vile anavyookota bibi yangu miambani kule kisiwani Ngumi. Aliuweka ndani ya kopo juu ya kabati, na sikuwahi kuruhusiwa kuligusa, kwani kwetu udi ni wa mke wa mtu. Msichana akipita ananukia udi, watu hawaulizi ameupata wapi. Wanauliza amempata nani. Hayo niliyajua tangu sijaota meno ya pili, na bado Jumamosi moja, mama alipokwenda ufukweni alfajiri kupokea papa, nilitia makaa ndani ya chetezo nikaifukiza hijabu yangu ya skuli mpaka moshi ukanitoa machozi. Nilijiambia wale si Wabajuni, watajuaje? Ujinga gani huo! Kana kwamba mama zao hawafukizi nguo.

Nilipoingia darasani vichwa viligeuka. Hakuna aliyeziba pua. Kwa muda wa somo moja nilikuwa na furaha, naikumbuka mpaka leo, hata nikanyoosha mkono na kujibu. Kisha yule msichana akageuka, akavuta pumzi taratibu, akatabasamu.

"Walaal, hongera. Harusi ilikuwa lini?"

Mchana sauti yake ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la darasa la kwenye simu, ikieleza kwa huruma nyingi kwamba mwenzetu ameolewa kwa siri, tumwombee heri. Alasiri jirani yetu aliisikia kwenye simu ya bintiye, akaja kwetu mbio kama anakimbiza moto.

Mama hakupiga kelele. Alilishusha kopo la udi, akatazama ndani, akalirudisha.

"Nambia, ni mchu gani?" Kwa Kibajuni chetu mtu ni mchu, na kitu ni kichu.

"Hakuna mchu, mama."

"Udi hauingii kwenye nguo wenyewe. Nambia jina lake."

Nililia, na kilio kikawa ushahidi. Alikwishaamua: siku ya Alhamisi kulikuwa na mashua ya kwenda Ngumi, nami ningekaa kwa bibi mpaka maneno yapoe. Ngumi kuna chuo cha Kurani na kuna kome. Skuli hakuna. Hijabu yangu aliikunja akaifungia sandukuni, mkeka wangu akauhamishia chumbani mwake. Siku nne sikuvuka kizingiti. Nilikaa nikitazama ile kamba uani, nikilipima lile jambo moja ambalo lingenifungulia mlango, na kila nilipolifikisha mdomoni nililimeza.

Jumatano alikuwa akipasua papa, akaanza kulia bila kuacha kazi. "Nimekukosea kichu gani, mwanangu?" aliuliza. "Kipi sikukupa?"

Hapo hasira ikanipanda, hasira ya mwaka mzima.

"Nanuka papa, mama! Darasa zima huziba pua. Udi nilijitia ili ninuke kama wachu wengine."

Kisu kikasimama. Aliitazama kamba, mtandio wake ukining'inia kando ya vipande vya papa. Kisha akaleta kiganja puani, akakinusa kwa makini.

"Na mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Mashua ilikuwa ya kesho, tayari alikuwa ameniamini, uongo mdogo ule usingenigharimu kitu.

"Wewe zaidi," nikasema.

Mashua iliondoka bila mimi. Jumamosi mama alinipeleka skuli mwenyewe. Alisimama mbele ya darasa, mikono ameificha ndani ya mtandio, akasema kwa Kisomali fasaha kwamba aliyefukiza hijabu ile ni yeye, alichanganya nguo zake na zangu, na mwenye maneno zaidi aende kwake akamwambie. Mama ambaye hasemi uongo hata kwa muuza samaki. Walimsikiliza kwa heshima. Alipotoka mlangoni, mmoja nyuma aliziba pua, lakini hakucheka. Yule msichana wa mbele hakuniomba radhi wala hakuacha mara moja. Alipunguza, halafu akapata mwingine wa kumchezea. Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Skuli nilimaliza. Lakini tangu wiki ile mama hakunifunga tena hijabu kabla ya kukata ndimu, kujisugua vidole kimoja kimoja na kucha zote, kisha kuniuliza kama inatosha. Baadaye akawa ananipa tu hijabu mkononi nijifunge mwenyewe. Kamba ya pili ilifungwa upande wa mbele wa nyumba, ya nguo zangu tu. Niliyaona yote. Nilikuwa na umri wa kumwambia basi, mama, inatosha, na sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nanuka vizuri.

Sasa naishi Mombasa, ni mke wa mtu, na udi ninao wa halali. Mwaka huu mama alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Papa ameacha kuwapasua miaka mingi, mgongo umekataa. Nilimnyooshea mtoto palepale mlangoni, yeye bado ana vumbi la safari, nikamwambia, "Mshike, mama."

Akarudi nyuma hatua moja, akaificha mikono ndani ya mtandio.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ndimu muna?"