Kava Zenye Harufu ya Waridi

Karatasi iliyofunga maua tuliyoleta leo ina harufu ileile ya waridi na dawa ya wadudu.

Mimi na dadangu ni mapacha. Mama alikuwa akifunga maua kwenye shamba la kando ya ziwa, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa alituletea karatasi zilizobaki, akatia vitabu vyetu kava.

Siku ya kwanza katika darasa jipya, mvulana aliyeketi nyuma yetu aliziba pua.

"Mbona vitabu vyenu vinanuka dawa?"

Darasa zima likacheka. Mimi nikaficha changu ndani ya sweta. Dadangu akasimama, akamsogezea chake hadi puani.

"Nusa vizuri! Hayo ni maua. Mamangu ndiye huyafunga, halafu yanapanda ndege kwenda Ulaya."

Kisha akaketi, akachomoa kitabu changu kwenye sweta, akakiweka juu ya dawati bila kunitazama.

Leo kaburini, yeye ndiye aliyesimama kumwongelea Mama. Watu walipoanza kuondoka, niliokota karatasi moja ya maua, nikaikunja polepole, nikaiingiza ndani ya sweta.

Dadangu aliniona. Safari hii hakuichomoa.