Mama Mkwe Aliyengoja Kuzaliwa

Kila Jumapili baada ya kanisa, nikiwa jikoni kwake Dandora nakatakata sukuma wiki, mama mkwe wangu alikuwa akiniuliza swali moja. "Nitazaliwa lini?"

Kwetu sisi Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na siku hiyo watu husema nyanya amezaliwa. Kwa hivyo mama wa miaka sabini na kitu, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa akiningoja mimi nimzae. Mume wangu ndiye kifungua mimba wake, na tulikuwa na miaka saba ya ndoa. Aliuliza huku akicheka, nami nilicheka, halafu nilirudi kwangu Lucky Summer na kichwa kikiniuma upande mmoja hadi Jumatatu.

Na si mbaya, huyo mama. Natamani angekuwa mbaya, ningemchukia yakaisha.

Siku za kazi nilikuwa nashona kola katika kiwanda kimoja cha nguo huko Baba Dogo. Pale kila saa ina tageti, yaani idadi ya kola unazotakiwa uwe umemaliza kabla supavaiza hajapita na kuandika kwenye ubao, mbele ya watu wote, nani kafika na nani hajafika. Choo kiko mwisho wa jengo. Ukienda mara mbili kabla ya chakula cha mchana, tageti imekupita. Basi wanawake wa laini yetu ya mashine hatukunywa maji. Tulikaa na midomo mikavu, chupa zimejaa chini ya meza. Mkataba wenyewe ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na kila ukikaribia kuisha, usingizi ulinipotea. Tumbo liliniwaka, taya zikaniuma kwa kusaga meno nikiwa nimelala, moyo ukadunda nikisikia tu viatu vya supavaiza. Nilidhani hivyo ndivyo kuwa mtu mzima Nairobi.

Kisha hedhi ikakosa kuja. Mwezi wa kwanza nilinyamaza. Mwezi wa pili matiti yakaanza kuuma, nikatapika asubuhi moja baada ya chai, nikajiambia basi, ndiyo hii. Mtu mwenye akili angenunua kipimo pale duka la dawa. Mimi sikununua. Nilikuwa nimenunua vingi miaka ile saba, kila kimoja na mstari wake mmoja, na niliogopa kuuona tena. Badala yake, Jumapili ile Mama alipouliza, nilimjibu.

"Labda mwaka huu, Mama."

Hakupiga kelele. Aliacha mwiko ndani ya ugali, akanishika kichwa kwa mikono yake yenye unga, akaniombea papo hapo kwa Kikuyu, polepole. Wiki hiyo alikwenda Eastleigh, yeye na magoti yake, akanunua kitambaa cheupe laini cha kumfunikia mtoto. Akaniachia nikishone mwenyewe, akasema mkono wangu umenyooka, na kwamba pembeni nitarizi jina lake.

"Lakini jina usiliweke sasa," akasema. "Mpaka tumwone."

Nilipinda ukingo wote kwa sindano ya mkono, mshono mdogo mdogo. Kiwandani nilikuwa nazitabasamia kola, mjinga mimi.

Damu ilikuja Alhamisi saa nne asubuhi, nikiwa kwenye mashine. Nilimaliza kwanza tageti ya saa ile, ndipo nikaenda choo. Mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba nilimaliza.

Daktari niliyemwona alikuwa mwanamke wa rika langu, na hakuwa na haraka. Alisema haoni dalili kwamba kulikuwa na mimba. Kutapika kulitokana na tumbo. Hedhi, akaniambia, inaanzia kichwani. Ubongo ndio unaotuma ujumbe kwa ovari kwamba yai likomae, na mtu akiishi na wasiwasi miezi na miaka, ujumbe huo huchelewa, au hautumwi kabisa. Alinitoa damu ya kupima akiba ya mayai. Majibu yalipotoka alinigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Nina miaka thelathini na sita, na akiba yangu ilikuwa ya mtu aliyenizidi sana umri.

Nilimuuliza kama ni kiwanda kilichomaliza mayai yangu. Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshaandaa hasira yote, nikijua hata mlango nitakaoipeleka.

"Siwezi kukuambia hivyo," alisema. "Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, mengine hayaongezwi. Kuna wataalamu wanaoshuku kwamba wasiwasi wa muda mrefu unaharibu ubora wa yai, lakini hakuna anayejua kwa uhakika ni kiasi gani. Huenda yako yalikuwa machache tangu mwanzo."

Kisha, kwa upole kabisa, akaniambia nipunguze mawazo.

Wote waliniambia hivyo. Mume wangu aliniambia, huku ananioshea vyombo ambavyo hajawahi kuviosha. Mchungaji aliniambia. Jirani wa mlango wa pili, mwenye watoto wanne na kelele zao, aliniambia. Nikaanza kuwa na mawazo kwa sababu nina mawazo. Nilikuwa nakaa kwenye mashine nikijaribu kupumua taratibu alivyonifundisha daktari, na supavaiza akaniuliza kama nimelala.

Mama nilimwambia mwenyewe. Akasema Mungu yupo. Jumapili iliyofuata akauliza tena, kwa sauti ya chini, bila kucheka. Na iliyofuata. Nilimkasirikia mpaka nikamwambia mume wangu kwamba asipomnyamazisha mamake, mimi Dandora siendi tena. Hakuniahidi kitu.

Mwaka huu mke wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alijifungua msichana. Wameoana juzi tu. Nyumba ya Mama ilijaa wanawake na vigelegele, uji ukapikwa kwa sufuria ya kanisa. Nami niliosha vikombe, maana mkono wa mtu ukiwa ndani ya maji hakuna anayempa mtoto abebe.

Mama alinifuata pale kwenye vikombe. Aliniuliza kama kile kitambaa bado ninacho. Ninacho, nikasema. Akaniomba nikimalize.

Nilitarizi jina lake kwa uzi wa buluu. Sikukosea hata herufi moja, na nililia herufi zote.

Jumapili baada ya kukipeleka nilikuwa pale jikoni na sukuma yangu, nikingoja swali. Nilikata majani yote. Mama aligeuza ugali, akaupakua, akafunika sufuria. Kisha akaniwekea mkono mgongoni.

"Wewe sasa pumzika, msichana wangu," akasema. "Usiwe na mawazo tena. Mimi nimeshazaliwa."

Hajaniuliza tena tangu siku hiyo.