Radhi Hazipiti Kwenye Simu

Nianze kwa kukiri, maana hapa Mbagala Kizuiani kila mtu anajua na sina pa kuficha sura: aliyemzuia Mwanabaraka asimuage bibi yake ni mie. Mie Hamisa, mpima watoto wa zahanati, mwenye mdomo mrefu kuliko akili. Alinisikiliza kwa sababu tulikuwa zaidi ya ndugu.

Mwanabaraka alikuwa nesi wa chanjo. Tulikuwa chumba kimoja, yeye dirishani na sindano zake, mie mlangoni na mizani ya kuning'iniza. Enzi zile, jamani! Jumatatu na Alhamisi foleni ya kina mama inatoka nje mpaka kwenye mfereji. Yeye anamchoma mtoto huku anamtania mama, "Mwanao kanyamaza, kilio chako wewe cha nini?" Mtoto akizidi kupiga makelele anamwekea shavu: "Haya nichape na mie, ngoma droo." Kuna kina mama walikuwaga wanauliza kwanza mlangoni kama Mwanabaraka yupo, wakisikia yuko likizo wanageuza na watoto wao. Mchana tukishafunga tunavuka barabara kula mihogo ya kukaanga na chachandu. Anakula pilipili huku machozi yanamtoka, na bado anaomba aongezewe. Sasa hivi nikipita pale huwa sinunui. Hainogi.

Nyumbani kwao nilikuwa kama mtoto wa pili. Aliyemlea ni Bi Hija, bibi yake mzaa mama, tangu mama yake alipofariki Mwanabaraka akiwa na miaka minne. Bi Hija alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua, kuanzia Kizuiani mpaka Charambe, anafuatwa Bi Hija na maji yake ya moto, anamkanda mpaka mwili urudi. Kwa mikono ile alimsomesha mjukuu mpaka chuo cha uuguzi. Mwanabaraka mwenyewe akisema, "Chuoni nilifuata cheti tu, unesi nilishafundishwa na bibi." Ramadhani tulikuwa tunafuturu uani kwao, uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, na Bi Hija anatugombeza kwa kucheka na chakula mdomoni. Ukiniuliza raha ya dunia ni nini, nitakwambia ni mkeka wa Bi Hija. Basi.

Sasa ikaja hii habari ya Uingereza. Mwanabaraka aliomba kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akafanya mtihani wa Kiingereza, akafanya usaili kwa simu tumejifungia chumba cha chanjo, mie nazuia watu mlangoni. Alipopata tulirukaruka kama wehu. Halafu akaniambia, "Leo jioni namwambia bibi." Nikamwambia, "Thubutu!"

Nilikuwa na sababu zangu, msinihukumu haraka. Miaka sita nyuma mie mwenyewe nilikuwa niende Omani. Nikatangaza mtaa mzima. Wakanifanyia kisomo, wakanipikia pilau, wakanishonea madera manne. Visa ikakataliwa nikiwa nishaagwa. Mwaka mzima nikipita watu wananiuliza, "Mwarabu wetu, safari lini?" Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tena mtaani kwetu kila mtu anajua kwamba safari haitangazwi, kuna macho, kuna vijicho. Unasikia tu fulani yuko Dubai, wiki ya pili hiyo. Na Bi Hija, Mungu anisamehe, siri ilikuwa haikai kwake hata kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Anakanda wazazi, na wakati wa kukanda watu wanaongea.

Kwa hiyo nikamtungia uongo. Nikamwambia aseme anakwenda semina Dodoma, wiki mbili, mambo ya chanjo mpya. Akishafika ampigie simu, amweleze vizuri, bibi atacheka yaishe. Mwanabaraka hakuupenda ule uongo hata kidogo. Lakini aliogopa na yeye yasimkute ya Omani.

Sanduku kubwa lilikaa kwangu. Siku ya safari akatoka kwao na kibegi cha mkononi, kama mtu wa Dodoma kweli. Bi Hija akamsindikiza mpaka mlangoni, akamtilia shuka zito kwenye kibegi, akasema, "Kule kuna baridi. Na usisahau zabibu zangu." Bajaji ilikuwa inatusubiri kwangu. Mwanabaraka akaweka mguu mmoja ndani, akautoa. "Hamisa, ngoja nirudi nimwambie. Ni dakika mbili." Nikamvuta mkono. "Panda, ndege haimsubiri mtu." Kumbe ndege ilikuwa ya alasiri, na hapo saa nne ya asubuhi haijatimia. Dakika mbili zile tulikuwa nazo, tena tulikuwa nazo tele. Nikizikumbuka roho inaniuma mpaka leo.

Hakuwahi kumweleza mwenyewe. Siku ya tatu Talha, mtoto wa mjomba wake, akaona picha kwenye simu, Mwanabaraka kavaa koti nene la kufika magotini. Akamwonyesha bibi. Kijana wa watu hakujua kama kuna siri.

Ilikuwa Alhamisi, zahanati imejaa. Namwona Bi Hija anapita katikati ya kina mama na kanga zake mbili, wanampisha. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Nikarudia. Akaniangalia, akasema taratibu, kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia: "Hamisa, zabibu za Dodoma zinaiva lini?" Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikuwa napita kwake namwamkia, na kila asubuhi haniitikii.

Mwanabaraka alipompigia, analia, Bi Hija alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kama anakula, kama anapolala pana joto. Akamwambia, "Kosa nimekusamehe, mjukuu wangu." Mwanabaraka akasema, "Basi nipe na radhi zako, bibi." Bi Hija akasema, "Ah, hilo sasa lingine. Radhi hazipiti kwenye simu."

Niwaeleze, kwa wasiojua. Kwao Bi Hija, watu wa Kisiju, anayetoka nyumbani kwenda mbali hapewi radhi kwa maneno matupu. Anapiga magoti mbele ya aliyemlea. Mzee anapiga funda la maji, hamezi, anampulizia kifuani mara tatu, kisha anasema, "Nenda, radhi zangu unazo." Watoto wa Bi Hija wote walitoka hivyo, kwa ndoa na kwa kazi. Mama yake Mwanabaraka alitoka hivyo. Asiyepuliziwa, wanasema anatembea mguu mmoja.

Utasema hayo ni ya kizamani. Sawa. Lakini kule Mwanabaraka aliteleza kwenye barafu akavunjika kifundo, akanipigia: "Hamisa, waona? Mguu mmoja." Akafeli mara ya kwanza mtihani wa kusajiliwa, akanipigia: "Si unaona?" Nilimwambia acha ujinga, barafu haina habari na Bi Hija. Nikikata simu nakaa pembeni ya mizani yangu naogopa kuliko yeye. Likizo ya kuja nyumbani alikuwa hajapata, kila akiomba wanamwambia watu pungufu, asubiri. Kazini walimpenda. Wazee wa kule walikuwa wanamuulizia asipoonekana, kama kina mama wetu tu. Lakini kila simu yake inaishia palepale, "Bibi anasemaje?" Kitu alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja, na kilikuwa Mbagala, kwenye mdomo wa ajuza wa miaka themanini na moja.

Nilijaribu kusuluhisha. Nikamwendea Bi Hija na simu yangu, nimempigia Mwanabaraka ya picha, nikasema, "Bibi, huyu hapa, mpulizie tu." Bi Hija akaitazama ile simu, akasema na yule wa ndani, siyo na mie: "Huyu mwenzio anataka niharibu simu yake nije nimlipe." Mwanabaraka akacheka kule, na Bi Hija akacheka. Mie nikajicheka ili nisilie. Walipendana sana wale, hilo ndilo lililokuwa linaniua. Hakukuwa na ugomvi hata kidogo, kulikuwa na kitu kimerukwa, na mie ndiye niliyefanya kirukwe.

Mwezi wa kumi na nne tangu Mwanabaraka aondoke, Bi Hija akaanguka bafuni asubuhi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kando, sauti ikakatika. Hospitali wakakaa naye siku kumi, wakaturudishia. Nikachukua ruhusa zahanati, nikahamia kwake. Nikawa namlisha uji kwa kijiko, namgeuza, namsafisha. Ananitazama tu. Nilikuwa namwamkia bado, lakini sasa hata angetaka kuniitikia asingeweza.

Mwanabaraka nilimwambia bila kuficha, nilikuwa nimekoma kuficha. Alikwenda kwa bosi wake akamwambia ama ruhusa ama naacha kazi. Wakampa siku tisa. Siku zile nne za kumsubiri sikuwa mtu. Kila nikiamka, kabla sijafumbua macho vizuri, nasikiliza kwanza kama Bi Hija anapumua. Nilikuwa nasema, Yarabi, usimchukue kabla huyu hajafika, mchukue hata Hamisa.

Akafika saa tatu asubuhi, na koti mkononi, kanenepa kidogo, mashavu yamemng'aa. Hatukusalimiana. Akapita moja kwa moja, akapiga magoti kando ya kitanda, "Shikamoo, bibi." Jicho zima la Bi Hija likajaa machozi. Kisha mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukaonyesha glasi ya maji juu ya stuli.

Mwanabaraka akafanya kama nesi. Akamnyanyua kichwa taratibu, akamwekea mito mgongoni, akachota maji kwa kijiko. Bi Hija akausukuma mkono. Akaonyesha glasi tena. "Bibi, utapaliwa. Wagonjwa wa hivi hawapewi funda, maji yanaingia kifuani, yanaua." Bi Hija akapiga godoro kwa kiganja, pa! Nikasema, "Mwanabaraka, hataki kunywa."

Ndipo akaelewa. Nesi wa miaka kumi na mbili kazini, anajua fika funda moja tu linaweza kummaliza. Akaniangalia, lakini safari hii mie nilifunga mdomo wangu. Akafungua vifungo vya blauzi mpaka kifuani, akamsogelea, akamwekea glasi kwenye midomo.

Funda la kwanza lote likamwagikia kwenye mto wa kulalia. La pili likamtoka kwa pembeni, likadondoka tone tone kifuani kwa Mwanabaraka, limechanganyika na mate. Akakohoa, akakohoa, Mwanabaraka kamshika, anahesabu pumzi zake kwa sauti. Nikasema moyoni, tumeua. Kikohozi kikatulia. Bi Hija akaifuata glasi mwenyewe kwa mdomo wake ule uliopinda, akachukua la tatu, na lile akalipuliza. Kidogo, kama mtoto anayejifunza kupuliza kibatari. Lakini alilipuliza. Akajaribu na maneno, ikatoka "Nnn… nnn…" tu, na Mwanabaraka anamjibu, "Ndiyo, bibi. Nakwenda, bibi. Ninazo."

Maji yalikuwa yanamtiririka mpaka tumboni. Mie kwa mazoea yangu ya siku zile, mkono ulishakwenda wenyewe na pembe ya kanga, nimfute. Akanidaka kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma.

"Acha, Hamisa," akasema, hanitazami. "Usininyang'anye mara ya pili."

Nikaurudisha mkono, nikakaa chini.